Ile Kona Iliyokosewa

Tokoroa, 16 Februari 1986

Mama Mkubwa Upokoina,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mume wangu Piri kakatwa ncha ya kidole na mashine kiwandani. Ncha tu, lakini analala kitandani kama mfalme na kuagiza chai, na watoto wamechoka kumpelekea. Vipi mzee wako Ngatama? Na yule nguruwe wenu chongo, bado yupo au mlishamla Krismasi?

Nina habari utakayoicheka, basi cheka mapema uimalize. Nimejiandikisha darasa la kushona tivaevae, yale matandiko yetu ya maua. Ndiyo, darasa. Kila Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu ni mama mmoja shemasi, wa kisiwa kikuu, Rarotonga, anaitwa Noovai, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na filimbi. Filimbi, Mama Mkubwa! Anapuliza tukianza, anapuliza tukimaliza, na mtu akikosea anapuliziwa sikioni. Tuko wanane. Wawili wamezaliwa hukuhuku, sindano wanaishika kama wameshika mjusi. Yupo mzungu mmoja, Doreen, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Noovai akipiga chafya, anaandika.

Wa Mauke ni mimi peke yangu. Nimejiandikisha kwa jina la Piri, wala sijasema mama yangu ni nani, maana wakijua mimi ni binti wa Ngapoko wataniuliza mbona hata pindo sijui. Niliondoka nyumbani na miaka kumi na saba, ungetaka nijue nini? Alipokuwa hai marehemu, kila alipoita tushone, mimi nilikuwa nimeshafika pwani.

Tunajifunza ile ya vipande vidogo vidogo, taorei. Wewe ndiye fundi wa kisiwa. Niambie nifanyeje ili nisitoke darasani humo bure.

Mwanao,
Akaiti


Areora, Mauke, 11 Machi 1986

Akaiti,

Marahaba. Nguruwe yupo, tulimla mwenzake. Ngatama analala. Ndege haikuja wiki mbili, mashada yetu yote ya majani ya maire tuliyoyasuka ya kuuza yameozea uwanjani, na vijana wa ofisini wanasema ni hali ya hewa. Hali ya hewa gani? Jua linawaka mpaka kuku wanahema.

Nimekwisha kucheka. Ngatama aliamka akadhani kuna msiba. Darasa! Sisi tulikaa chini ya meza za mama zetu tukiokota vipande vilivyodondoka, hakuna aliyetupulizia filimbi. Haya, mjini mnanunua hata maji.

Kwa kuwa umeshajitia humo, sikiliza. Kitambaa kifue kabla hujakikata, kifue mara tatu, hasa nyekundu, vinginevyo itachuja na kuchafua nyeupe yote na utalia. Nenda na mkasi wako, usiazime mkasi wa mtu. Usikae karibu na mwalimu. Kaa karibu na yule asiyesema, yule ambaye mkono wake haupumziki, umwibie kwa macho. Kila darasa linaye mmoja. Usiulize swali kabla hujaharibu kitu. Anayeuliza kabla ya kuharibu anataka tu kusikia sauti yake, kama huyo mzungu wenu. Ulichoharibu kifumulie nyumbani, si pale mbele yao.

Na kubwa kuliko yote: fundi anapoisoma orodha, nyekundu tatu, nyeupe moja, njano mbili, wewe funga domo na utunge vipande vyako kwenye uzi kama anavyosema. Ukikosea kimoja mwanzo wa tungo, ua lote linapinda, na hutalijua hilo mpaka siku ya kuunganisha, mbele ya watu wote.

Rarotonga hawajawahi kushona taorei ya maana. Wanashona wakitazama nani anapita barabarani. Lakini hata kwa mpumbavu utapata kitu ukijua pa kutazama.

Upokoina


Tokoroa, 6 Aprili 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kidole cha Piri kimepona, sasa hana kisingizio. Mtoto wa pili kaanza kuimba kwaya, sauti ya chura, lakini tunampigia makofi.

Nilifanya ulivyosema. Nimefua nyekundu mara tatu. Nimekaa karibu na mama mmoja wa kisiwa cha Mangaia, asiyesema, anayeshona kama anagombana na kitambaa. Ningekuandikia mengi ya kukuchekesha, ila jana limetokea jambo.

Jana Noovai alituambia ni somo la makosa. Akatoa tivaevae sandukuni, akaitundika ukutani, akachukua fimbo. Taorei, maua mekundu juu ya nyeupe, pindo kijani. Akachokoa kona ya chini, mkono wa kulia. Ua moja pale limekaa njano mahali pa nyekundu, nyekundu mahali pa njano, limepinda kama mdomo wa mtu aliyelishwa limau.

Mama Mkubwa, ile tivaevae naijua. Nilikuwa natambaa chini yake mlipokuwa mkiishona sebuleni kwetu, na ile kona nilikuwa naisukumia kidole. Ilikaa sandukuni kwa mama miaka yote. Alikuwa akisema, hii ndiyo nitakayolala nayo.

Noovai anasema alipewa Mauke mwaka 1981, alipokuja na ule msafara wa wageni wa kanisa. "Waliniambia imeshonwa na mwanamke anaitwa Ngapoko," akasema. "Mtazameni Ngapoko. Anaambiwa nyekundu, anasikia njano."

Mama alifariki mwaka huohuo, na wewe uliniandikia kwa mkono wako kwamba amezikwa na tivaevae yake. Barua ninayo. Sasa imefikaje ukutani Tokoroa?

Akaiti


Areora, 6 Mei 1986

Akaiti,

Marahaba. Mwambie mtoto asiimbe kwa koo, aimbe kwa tumbo. Huku jirani zetu wa kijiji cha Kimiangatau wamepaka upya upande wao wa kanisa tunalogawana, rangi ambayo sitaitaja jina maana haina jina. Tunakaa upande wetu tukitazama mbele, shingo hatugeuzi.

Kwenye kushona. Sindano usinunue zile ndefu, ni za kushonea magunia. Nunua fupi, ya tundu dogo. Uzi usiukate mrefu kupita mkono wako. Mvivu ndiye anayekata uzi mrefu, na ndiye anayefunga mafundo. Ukianza kuunganisha vipande, anzia katikati ya ua, usianzie pembeni.

Maua mekundu juu ya nyeupe yapo visiwa vyote. Nyekundu inauzwa kila duka. Ulikuwa mtoto, na mtoto anakumbuka anachotaka.

Ngatama anakusalimu, au angekusalimu kama angekuwa macho.

Upokoina


Tokoroa, 1 Juni 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na salamu zangu zote zimeishia hapo.

Usinifanye mjinga. Jumamosi iliyopita nilibaki nyuma nikisingizia kufagia, nikaigeuza ile tivaevae. Tundu la sigara ya baba lipo, karibu na pindo, limetiwa kiraka cha kitambaa cha gauni langu la shule ya Jumapili. Niambie, hicho nacho kinauzwa kila duka?

Sasa sikiliza kinachofanyika huku, maana wewe umekaa na nguruwe wako na sindano fupi. Noovai ameipenda ile kona. Kila Jumamosi anaitundika. Mtu akikosa hesabu, filimbi, halafu fimbo ukutani: "Umeshona kingapoko!" Limekuwa neno la darasa. Hao wawili wasiojua kushika sindano wanasemana, "Angalia kingapoko chako." Doreen kaliandika kwenye daftari na kupigia mstari. "Wanawake wa visiwa vidogo," anasema Noovai, "wanashona kwa mdomo." Na ukumbi mzima unacheka.

Na mimi nilicheka, Mama Mkubwa. Jumamosi ya kwanza nilicheka pamoja nao ili wasinigeukie mimi. Nilicheka jina la mama yangu. Nilifika nyumbani nikakaa chooni kwa muda mrefu.

Siendi tena kujifunza kushona. Naenda kwa sababu ipo pale. Nakuuliza mambo mawili tu. Tivaevae ya mama ilitokaje? Na mama yangu mlimzika na nini?

Akaiti


Tokoroa, 17 Agosti 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Miezi miwili na nusu. Niliuliza posta, wanasema ndege ya Mauke inakuja kila wiki. Binti wa jirani yenu Tangi kanipigia simu toka Auckland, anasema alipokuja huko alikuona kwenye harusi ukiwakosoa wapishi, kwa hiyo hujafa.

Kama mlimzika na blanketi sema. Kama mlimzika na mkeka sema. Ninachokataa ni huu ukimya.

Akaiti


Areora, 2 Septemba 1986

Akaiti,

Wapishi walistahili. Magimbi yalikuwa mabichi katikati.

Wewe ni nani wa kuniuliza marehemu alifunikwa na nini? Ulikuwepo? Nilimwosha mimi. Nilimvalisha mimi. Siku mbili alilala sebuleni na kila mlango ulipofunguka watu waligeuka wakidhani ni binti yake ameingia. Ulituma simu ya maandishi, ati ndege imejaa. Tuliisoma kwa sauti kanisani, pande zote mbili zikasikia. Mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti chako.

Miaka mitano hukuuliza kaburi limepakwa chokaa au limeota majani. Leo umeona kitambaa ukutani, umekuwa binti. Ebo!

Huyo Noovai mwache acheke. Wanaocheka kona moja wao hawajawahi kumaliza tivaevae nzima. Ngapoko yuko mahali asikoisikia filimbi yake.

Ukitaka kitu cha maana kutoka darasa hilo, jifunze kukaa kimya. Ndugu yangu alijua.

Upokoina


Tokoroa, 21 Septemba 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Piri anasema nisikuandikie nikiwa na hasira, basi nimesubiri mpaka nimepika, nimefua, nimechana nywele za watoto. Bado ninayo.

Ndege haikuwa imejaa.

Nafasi ilikuwepo, Piri alikuwa ameshakopa nauli kwa wenzake, begi nilikuwa nimefunga. Nilifika uwanjani nikageuka. Niliogopa. Nilifikiri nisipomwona amelala pale sebuleni, basi kwangu mimi atakuwa yupo tu Mauke anachuma maire na kunikasirikia. Hicho ndicho nilichokifanya. Sijamwambia mtu, hata Piri anaamini kwamba walinikatalia tiketi. Sasa unajua, nidharau unavyotaka, nafasi ni yako.

Lakini usiniambie hasikii. Mimi nasikia. Tarehe 22 Novemba Noovai anafanya maonyesho. Watakuja watu wetu kutoka Auckland, kutoka Rotorua, wachungaji, na mabibi wa Mauke waliohamia huku, wale waliomjua mama kwa sura. Tivaevae yetu tuliyoshona darasani itatundikwa, na kando yake ile ya mama, na Noovai ameshatuambia atawaonyesha wageni kona na kuwaeleza maana ya kingapoko. Amejiandalia kabisa, anaufanyia mazoezi huo mzaha, na mwishoni anasubiri watu wacheke.

Siku hiyo jina la mama litakuwa jina la kosa, na litarudi hadi Mauke. Nikisimama kusema ni mama yangu, watanionea huruma na bado kosa litabaki lake. Kuna kitu unakijua. Miezi sita unanipa sindano na uzi badala ya jibu, na wewe si mtu wa kukosa jibu.

Nimekuambia langu. Lete lako.

Akaiti


Areora, 20 Oktoba 1986

Akaiti, mwanangu,

Marahaba. Nguruwe amekufa, uzee. Ngatama amelia kuliko alivyomlilia mama yake.

Nilijua kwamba ndege haikuwa imejaa. Rubani alikuwa mtoto wa binamu yangu, alisema viti vitatu vilikuja vitupu. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi kuwa na kitu cha kukushikia. Haya, nimekiachia.

Mwaka 1964 tulishona kwenu, wanawake wanane, na mimi nikisoma orodha. Uliona jinsi ninavyosoma. Nasoma na kumkemea huyu, namcheka yule. Siku ile nilikuwa namcheka mke wa mchungaji, kwamba kidole chake cha shahada kinene kama muhogo na sindano inapotelea humo. Wanawake walikuwa wamekufa kwa kicheko, na mimi nikizidi. Nilikuwa nasoma, nacheka, na kutunga tungo langu papo hapo, bila hata kutazama. Kwangu mimi kutazama kulikuwa kwa wanafunzi.

Siku ya kuunganisha, vipande saba vilikaa sawa. Changu kikapinda.

Nilikuwa nimewatukana wote kwa miaka kumi na mitatu kwa makosa madogo kuliko hayo. Mke wa mchungaji akauliza polepole, kwa adabu yote, hiyo kona ni ya nani? Mimi nilikuwa na mdomo, Akaiti, unaujua mdomo wangu. Ulikauka. Ngapoko akasema, "Ni yangu. Nilibadilishana kiti na dada." Hivyo tu. Wakamcheka yeye. Usiku ule nilimwambia, kifumue, nitakishona upya. Akakataa. Alisema, "Kiache. Nitakapokasirika na wewe nitakuwa nakitazama." Miaka kumi na saba alikitazama na hakuwahi kulitaja.

Alipofariki tukamlaza, tukaleta tivaevae yake tumtandikie, watu wapite wamuage. Nikaona kona yangu iko juu, upande wa mlango. Kisiwa kizima kingepita pale, Kimiangatau wote, kila mmoja angeitazama na kusema, maskini Ngapoko, hata siku ya mwisho na kosa lake. Na mimi nimesimama kichwani pake, fundi. Sikuweza. Nilisema inanuka sanduku, nikaiondoa. Nikaenda kwangu nikatoa ya kwangu, ile ya maua ya zambarau iliyonichukua miaka tisa, niliyoiweka kwa ajili ya siku yangu, nikamfunika nayo. Hakuna aliyewahi kuzikwa na kazi nzuri kama ile kwenye kisiwa hiki. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Walisema, tazama Upokoina anavyompenda ndugu yake. Nilipokea sifa zote.

Wiki tatu baadaye msafara wa Rarotonga ukaja, na unajua wageni hawaondoki mikono mitupu. Niliitupia ile ya Ngapoko kwenye rundo la zawadi, chini ya mikeka, nikaimba wimbo wa kuwaaga kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilidhani nimeizika. Wewe nikakuandikia uwongo.

Jina lake nililitaja mimi. Noovai aliuliza imeshonwa na nani.

Karatasi ya pili ni ya kusomwa huko. Isome yote, usiruke kitu kwa kunionea huruma. Sihitaji huruma ya mtu aliyejifunza kushona kwa filimbi.

Upokoina


(Karatasi ya pili)

Kwa Noovai na wote waliofika kwenye maonyesho.

Mimi ni Upokoina wa Areora, Mauke. Nimesoma orodha ya taorei kisiwani hapa tangu mwaka 1951, na walio kati yenu mnaotoka Mauke mnanijua, na wengi hamnipendi. Kona mnayoicheka niliishona mimi. Ngapoko hakuigusa. Alilibeba kosa langu mbele ya watu na sikumzuia. Alikuwa akishona sawasawa maisha yake yote. Kama mnataka jina la kosa, litumieni langu.

Noovai, zawadi ni zawadi, sidai uirudishe. Fimbo yako ni fupi, ukiichokoa ile kona unajikunja vibaya.


Tokoroa, 23 Novemba 1986

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimelala kwa saa nne tu, nakuandikia kabla ya ibada, kabla hayajanitoka kichwani.

Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakalishwa dirishani. Mabibi wa Mauke walikaa mstari wa mbele, wote na kofia. Noovai alianza na sala, kisha akaionyesha yetu, akasema wanafunzi wake wamejitahidi kwa kadiri ya akili walizopewa. Kisha akachukua fimbo. Kabla hajafika ukutani nikasimama.

"Mama Noovai, nina barua."

"Barua isubiri chai," akasema.

"Haisubiri. Inatoka Mauke. Na mimi ni binti wa Ngapoko."

Wale wawili wa sindano walitazama viatu. Doreen alifunga daftari, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikasoma. Nilipofika pale pa "wengi hamnipendi" bibi mmoja wa mbele akajibu "Kweli!" na watu wakacheka, nikapata nguvu. Nilisoma yote. Na ya fimbo fupi nilisoma.

Noovai alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaenda kwenye ile kona akaitazama kwa karibu kama anaiona leo. Akauliza, "Upokoina? Yule aliyeniambia mbele ya msafara mzima kwamba Rarotonga tunashona kwa miguu?"

Nikasema, ndiye.

Basi uso wake ulivyong'aa, Mama Mkubwa, sitakuficha. Akageukia wageni. "Ndugu zangu, kuanzia leo hiki kinaitwa kiupokoina. Na ninyi wanafunzi, kama yule mwanamke anaweza kukosea, ninyi mnapayuka nini mkishona?" Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mabibi wa Mauke walicheka kuliko wote, mmoja aligawa leso. Wamesubiri miaka mingi. Samahani, lakini nilicheka na mimi, na safari hii sikukaa chooni.

Ile ya mama haijatoka ukutani. Nilifikiri nitaitaka, kumbe sikuitaka. Noovai kaiacha pale, na hakuna tena anayelitaja jina la mama isipokuwa kusema alikuwa mtu wa namna gani. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia mama alikuwa akimpelekea magimbi mume wake alipoumwa, na hakuna aliyejua. Alinieleza mengi ambayo sikuyajua. Nilimsikiliza mpaka chai ikapoa.

Jambo moja bado. Tulipokuwa tunakunja yetu ya darasa, Noovai alinivuta pembeni, nikamweleza mama alizikwa na nini. Akauliza, "Huyo kikongwe alimpa ndugu yake ya kwake. Sasa yeye atazikwa na nini?" Nikasema hukusema. "Hawezi kusema," akasema, "atakufa kwanza." Akapuliza filimbi, akatuita wote wanane, akasema ile tivaevae ya darasa inakwenda Mauke kwa boti ya Desemba. Ilikuwa iwe yake mwenyewe, ndiye aliyenunua vitambaa. Hakuna aliyebisha. Hata Doreen alisaidia kuifunga, ila alitaka kujua uzito wake.

Kipande cha juu, mkono wa kushoto, nilishona mimi.

Akaiti


Areora, 9 Februari 1987

Akaiti, mwanangu,

Marahaba. Boti ilichelewa, injini, kisha nahodha, kisha mvua. Ngatama yuko macho siku hizi, kifo cha nguruwe kimemwamsha, ananisumbua kutwa. Nimesikia kuhusu kiupokoina. Nimekisikia kutoka kwa watu kumi na mmoja tofauti, na mke wa mchungaji wa sasa alinipungia mkono kwa adabu sana. Nilimpungia.

Kitambaa chenu kimefika. Nilikitandika uani, jua likiwa kali, nikakipitia kwa saa tatu nimevaa miwani mbili. Makosa ni kumi na manne. Yule wa Mangaia hana kosa hata moja, mpe salamu, mwambie anapoteza muda na nyie. Hao wawili waliozaliwa huko wameshona kama wanafukuzwa na polisi. Noovai amekata maua makubwa mno. Kwa Rarotonga kila kitu lazima kionekane kutoka barabarani. Huyo mzungu ameshona mistari iliyonyooka kabisa na haina uhai wowote.

Chako nimekitazama mwisho. Una makosa mawili. Mshono ni mdogo, umekaa, hauna fundo. Kipande cha pili kutoka katikati umekikaza sana, ulikuwa na hasira siku hiyo. Wanawake wa hapa walisimama nyuma yangu wakisubiri nianze kufumua, mkasi nilikuwa nao mkononi. Niliurudisha mfukoni. Niliwaambia waende makwao.

Ipo kitandani. Si sandukuni, kitandani, nalala nayo, maana sijui nina muda gani na sioni sababu ya kuipa mende. Nimemwambia mchungaji kwamba itandikwe hiyo, yote, na makosa yake juu, na mlango uachwe wazi watu wapite.

Wanawake wa hapa wanadhani watandikaji watakuwa wao, kwa kuwa hawajui. Sitaki wao. Mikono yao haijui kitambaa kile kinavutwa wapi. Nikifa, Ngatama atakupigia simu. Viti vipo. Panda ndege, Akaiti, ingia kwa mlango wa mbele, unifunike wewe.

Upokoina